Ndege ya Mtoa

Ndege za kwanza za vita kuruka juu ya Ziwa Tanganyika zilikuja zikiwa vipande vipande, zimefungwa ndani ya masanduku. Zilikuwa nne. Waingereza waliwaazima Wabelgiji, na mwanzoni mwa 1916 zikapakiwa melini huko Uingereza, zikateremshwa kwenye mdomo wa mto Kongo, kisha zikaanza safari ya bara: treni, boti, treni tena, boti tena, mpaka Kalemie, mji ambao wakati ule Wabelgiji waliuita Albertville. Huko zikaunganishwa, na zikapata kituo chao Mtoa, kaskazini ya mji, penye maji yaliyotulia. Zilihitaji maji kwa sababu hazikuwa na magurudumu. Zilikuwa na maboya, zikielea kama bata.

Mama yangu mzazi ni mtu wa Mtoa. Mimi nimezaliwa Kalemie, nikakimbia vita ya 1998, na tangu hapo naishi Buyenzi, hapa Bujumbura. Kazi yangu ni fundi bati. Natengeneza mbabula za makaa, masanduku ya wanafunzi, makopo ya kumwagilia maji, na watoto wakinisumbua sana nawakatia gari la kopo la maziwa. Habari ya ndege za Mtoa nilikutana nayo kwenye simu ya rafiki yangu mwalimu: picha ya zamani, ndege imekaa juu ya maji, watu weusi wamesimama mpaka kiunoni wanaishika isipeperuke. Chini ya picha limeandikwa jina la ndege, Short 827, na jina la mahali. Mtoa.

Niliitazama mpaka simu ikazima. Nikasema hii nitaitengeneza.

Wanaoijua Buyenzi wataelewa kwamba hapa si pabaya pa kuanzia kazi kama hiyo. Huku mitaa haina majina, ina namba: avenyu ya kwanza, ya pili, ya tatu, unahesabu. Kiswahili ndicho kinachozungumzwa barazani na msikitini, na nusu ya avenyu ni garaji. Gari ambalo limekufa mahali pengine Burundi, huku linafufuka, au linagawanywa, kila kiungo kinapata mnunuzi wake. Bati, waya, boliti, springi, vyote viko chini ya miguu yako. Na siku zile petroli ilikuwa imeadimika nchi nzima, magari yamepanga mstari siku tatu kwenye vituo, kwa hiyo garaji zilikuwa zimelala. Mafundi walikaa kwenye viti vya plastiki wakicheza drafti. Muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni pesa tu, na bati la kopo halidai pesa.

Kwanza vipimo. Ndege yenyewe, kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa, ni mita 16.4. Kutoka pua mpaka mkia ni mita 10.7, na kwenda juu ni mita 4.1. Nilichagua skeli ya 1 kwa 24, maana yake kila sentimita 1 ya kazi yangu ni sentimita 24 za ndege ya kweli. Chukua kipimo, gawanya kwa 24. Mabawa yakatoka sentimita 68 na kidogo, urefu karibu 45, kimo 17. Inaenea juu ya meza yangu, na mtoto anaweza kuibeba kwa mikono miwili.

Mwili wake ulinifurahisha, kwa sababu umeundwa kama sanduku: pande nne zilizonyooka zinazokwenda zikichongoka nyuma. Mtu aliyekunja masanduku ya shule miaka ishirini hashindwi na mwili huo. Nilikata kopo la mafuta ya kula la lita 20, nikalinyoosha kwa nyundo ya mti, nikakunja. Mabawa ni ya ghorofa mbili, la juu refu kuliko la chini, na katikati yanashikwa na nguzo nyembamba. Nguzo nikazitoa kwenye spoku za baiskeli. Nyaya za kukaza mabawa nikazitoa kwenye waya wa breki: ukiufungua ule waya unakuta ndani nyuzi nyembamba kama nywele za mzungu. Ndege ya kweli ilikuwa mti uliovikwa kitambaa, na kitambaa kikapakwa dawa ya kukifanya kikaze. Mimi nilichukua shuka kuukuu la pamba, nikalipaka uji wa muhogo, nikaliacha juani. Likakauka likalia kama ngoma.

Kazi ikiwa imefika hapo, mpwa wangu akaja.

Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mitatu. Wao walikuwa wanakaa kwenye bonde la Rusizi, upande wa Kongo. Februari 2025 vita ilipowafikia walivuka mto, wakalala uwanjani Rugombo pamoja na maelfu wengine, kisha wakapelekwa kambi ya Musenyi, huko Rutana. Wengi mnaosoma hapa mmepita njia hiyohiyo, sina haja ya kuieleza. Kijana alipewa karatasi ya ruhusa ya wiki tatu ili atibiwe sikio mjini. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu siku bomu lilipoanguka karibu na shule yao.

Aliingia kwenye karakana yangu, akaiona ndege mezani, akasimama mlangoni.

“Mujomba, hii ndo ile inapigaka watu?”

Nikamwambia ni ya zamani, ya miaka mia na zaidi iliyopita.

“Lakini inapigaka?”

“Ilikuwa inapiga.”

Hakuingia siku ile. Alikaa nje kwenye tofali mpaka magharibi. Kesho yake akakaa nje tena. Siku ya tatu niliita msaidizi wangu anipe risasi, nikimaanisha ile ya kulehemu, na mtoto akaruka kutoka kwenye tofali. Sisi mafundi tumezoea, kwetu risasi ni kitu cha kuunganishia bati. Ilibidi nimwonyeshe: hii hapa, ni waya laini, ukiupasha moto unayeyuka kama siagi, unaziba tundu la kopo. Akaushika. Akaniuliza kama hiyo hiyo ndiyo wanaweka kwenye bunduki. Nikamjibu kwamba ndiyo, madini ni hayohayo. Akakaa kimya, halafu akasema, “Basi nipe nizibe.”

Hivyo ndivyo alivyoingia ndani. Maboya yote mawili makubwa aliyalehemu yeye, pamoja na madogo ya kwenye ncha za mabawa na lile la mkiani. Tuliyajaribu kwenye beseni. Hayakuvuja hata tone.

Wakati huo mtaa ulikuwa na maoni yake, Buyenzi hakuna kazi ya siri. Dada anayeuza chai na sambusa kwenye kona alisema wazi: “Kaka, wewe mkimbizi, huyu mtoto mkimbizi, na mnatengeneza ndege ya vita. Hamkuona kitu kingine? Tengenezeni basi.” Mzee mmoja wa garaji, ambaye anamiliki viti vya plastiki na kwa hiyo anamiliki pia mjadala, alisema hakuna ubaya, ila tusiweke mabomu. Iwe ndege nzuri tu, ya kupamba. Watu wengi wakakubaliana naye, na mimi nilikuwa naelekea huko.

Nilikuwa nimemsimulia kijana kazi ya ndege hizo. Mwaka ule wa 1916 Wajerumani walikuwa na meli kubwa ziwani, Graf von Götzen. Nayo ilikuja vipande vipande: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kuwekwa majini 1915. Ilikuwa kubwa kuliko chombo chochote cha Wabelgiji na Waingereza humu ziwani. Kwa hiyo Juni 1916 ndege za Mtoa ziliruka kama kilomita 100 juu ya maji matupu, zikaangusha mabomu bandarini Kigoma. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 100 kwa saa, mwendo wa taksi ya kwenda Rumonge dereva akiwa na haraka. Injini ilikuwa ya nguvu za farasi 150, na ndege ilikaa angani saa tatu na nusu hivi. Ukipiga hesabu unaona kwamba kwenda na kurudi kulimaliza zaidi ya nusu ya muda huo. Wale wawili waliokaa humo, mmoja mbele mmoja nyuma, kichwa nje kwenye upepo, hawakuwa na nafasi kubwa ya kupotea njia.

Lakini si ndege zilizoizamisha ile meli. Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisioze. Miaka minane baadaye, 1924, Waingereza waliitoa majini, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya: Liemba.

Hapo kijana alinikata. “Liemba? Ile Liemba?”

Ile ile. Liemba iliyowarudisha Wakongo kwao 1997. Liemba ambayo Mei 2015 iliwachukua Warundi waliokuwa wamebanana ufukoni Kagunga, kati ya mlima na maji, ikawafikisha Kigoma, na wengine walikuwa majirani zetu wa Buyenzi. Hapa mtaani kuna mama ambaye mpaka leo akisikia jina la meli hiyo anasema alhamdulillahi. Meli iliyotafutwa kwa mabomu ikaja kuwabeba waliokimbia mabomu.

Kijana akataka kujua ukubwa wake. Tulipiga hesabu: mita 71 gawanya kwa 24, karibu mita 3. Karakana yangu haina nafasi ya kuunda kitu cha mita 3, kwa hiyo tulichukua chaki, tukaichora sakafuni kutoka mlangoni mpaka ukutani. Kisha tukaitundika ndege kwenye dari kwa uzi, juu ya mchoro, tukakaa chini tukitazama. Ndege ilikuwa ndogo mno juu ya ile meli, kama mbu juu ya ng'ombe.

“Watu wako wapi?” akauliza.

Nikamwonyesha viti viwili vya ndani ya ndege.

“Si hawo. Wa huku chini.”

Akachukua waya, akaniuliza urefu wa mtu. Mtu wa mita 1.70, ukigawanya kwa 24, anatoka sentimita 7, kama kidole cha mkono. Akakunja mtu wa kwanza, akamweka kwenye meli ya chaki. Akakunja wa pili, akamweka nje ya mstari, kwenye simenti, akasema huyu yuko bandarini anabeba mzigo. Jioni ile walifika kumi na mmoja. Wengine aliwaweka mlangoni, upande ambao tulisema ni Mtoa, wamesimama majini wanashika ndege, kama kwenye picha.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake. Alisema mabomu yawekwe. “Bila bomu ni uongo, mujomba. Watasema ilikuwa inatembea tu.”

Nimelifikiria neno hilo sana. Vitabu nilivyopata kusoma kuhusu vita ya ziwani vinawapenda sana marubani na makamanda. Vinatoa majina yao, ugonjwa wao, nishani zao. Rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe, mmoja wa hao wa Mtoa, alikufa kwa maradhi Desemba 1916 huko Niemba, na jina lake limehifadhiwa, jambo ambalo ni haki yake. Lakini yale masanduku hayakutembea yenyewe. Penye maporomoko boti ilipakuliwa, penye reli behewa likapakiwa, na kila mara kulikuwa na bega la mtu. Katika vita ile Wabelgiji walichukua wapagazi maelfu kwa maelfu kutoka vijiji vyetu, na wengi hawakurudi. Wao wako kwenye picha, mpaka kiunoni majini, bila jina.

Anayetengeneza ndege ndogo ana uhuru wa kuchagua nini kibaki nje. Anaweza kuiacha iwe safi, inang'aa, iko peke yake juu ya kabati. Mzee wa garaji alikuwa anatushauri hivyo kwa nia njema kabisa. Ila ndege ya vita bila bomu na bila mtu chini yake ni ndege jinsi inavyoonekana na aliyeituma. Sisi tumeiona kutoka upande wa pili. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alilijua hilo kabla yangu, kwa sikio lake.

Tukaweka mabomu. Mawili, ya vichwa vya misumari, chini ya tumbo.

Mwisho wa wiki ya tatu ndege ilikuwa imekamilika: pangaboi la mti lenye mapanga mawili linalozunguka ukilipuliza, nyaya zote zimekazwa, kitambaa kina rangi yake ya pamba bila rangi ya juu. Ikabaki swali la safari. Dada yangu alikuwa ameomba ije Musenyi, shuleni, waione. Sasa fikiria wewe mwenyewe: unapanda basi kutoka Bujumbura mpaka Rutana, vizuizi njiani, na mkononi una kitu chenye mabawa ya sentimita 68, mwaka ambao kila mtu mipakani anazungumza habari za droni. Dada wa chai alisema, “Mtalala ndani nyinyi wawili.” Safari hii nilikubaliana naye.

Jibu lilikuwa limeandikwa tayari kwenye historia ya ndege yenyewe. Nilikuwa nimeyafunga mabawa kwa boliti ndogo za saa na redio, si kwa lehemu, ili niweze kurekebisha nyaya. Tukafungua. Mabawa upande mmoja, mwili upande mwingine, maboya yamefungwa kwenye gazeti, watu wa waya kwenye kopo la maziwa, kila kitu ndani ya boksi la biskuti. Ikasafiri kama ilivyosafiri ile ya 1916, vipande vipande, na kila kipande kina namba. Kwenye kizuizi kimoja boksi lilifunguliwa. Askari alichukua boya, akaligeuza, akauliza ni nini. Kijana akajibu, “Vifaa vya shule.” Akaambiwa afunge.

Musenyi sikuiunganisha mimi. Niliweka boksi juu ya dawati nikarudi nyuma. Kijana akawaita wenzake watano, akawapa kila mmoja namba zake, akawa anaelekeza kwa sauti kubwa kidogo, kama wanavyozungumza watu wenye sikio moja. Ilichukua karibu saa nzima. Watoto wawili walitoka nje mabawa yalipokaa mahali pake, na mwalimu hakuwazuia. Mmoja alirudi, akachungulia dirishani. Wa pili hakurudi siku ile, na haki yake. Sidai kwamba bati linaponya kitu. Daktari wa sikio ni daktari wa sikio, na wenzetu wanaofanya kazi ya kuwasikiliza watoto wana ujuzi wao ambao mimi sina. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona: watoto ambao ndege iliwatazama kutoka juu wakiwa wadogo kama sisimizi, walikuwa wameinama juu ya ndege, wanaitazama kutoka juu, na wanajua kila waya unashika nini.

Kulikuwa na mzee wa upande wa Fizi aliyesimama nyuma muda wote na fimbo yake. Kijana alipomaliza kuwapanga watu wake kumi na mmoja, mzee alisogea, akawahesabu kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja.

“Hawa hawatoshi,” alisema. “Mzigo ule haubebwi na watu kumi na mmoja. Ongezeni.”

Ndege iko Musenyi sasa, kwenye rafu ya darasa, imefunikwa kwa kitenge vumbi isiingie. Anayetaka vipimo ili atengeneze yake, nimeviandika hapo juu, gawanyeni kwa 24. Dada yangu akipiga simu namwuliza kwanza kuhusu sikio, kisha kuhusu watu wa waya. Wiki iliyopita walikuwa wamefika sitini na wanne, na waya umewaishia. Nimekata breki mbili za baiskeli, nangojea mtu wa kumpa azipeleke.